Samaki Ndani ya Sanduku la Vitenge

Kabla watoto wa mdogo wangu hawajaja, chakula changu cha jioni kilikuwa chai na mkate, na siku nyingine mandazi niliyoyala juu ya pikipiki nikirudi kutoka kazini. Sikuzaa. Nalisema kwa kifupi kwa sababu watu wa kwetu hulisema kwa urefu. Mwanamke wa peke yake hana haja ya kusumbua sufuria, nilijiambia, na nyumba yangu ya vyumba viwili hapa Bunia haikuwahi kunipinga.

Walikuja kwa wiki mbili za likizo ya Pasaka, wasichana wawili, mmoja wa miaka kumi, mwingine wa miaka sita. Mama yao, ndiye huyo mdogo wangu, anauza samaki Mahagi-Port, kando ya ziwa. Wiki mbili hazijaisha, barabara ya Mahagi ikaharibika: magari yakachomwa, watu wakauawa, madereva wakakataa kwenda. Mdogo wangu alinipigia simu akasema wakae kwangu kidogo, maana ziwani hakutaka wapite. Mtumbwi ulimwogopesha kuliko bunduki. Hicho "kidogo" kilikuwa mwaka mmoja na miezi saba.

Jioni yao ya kwanza kwangu, niliporudi kutoka kazini, niliwapa chai na mkate. Yule mkubwa alikula kimya. Mdogo alimaliza, akapangusa mdomo, akaniuliza kwa heshima zote, "Mama mukubwa, sasa bugali itakuya saa ngapi?"

Basi nikajifunza kupika nikiwa na miaka arobaini na moja. Natoka ofisini saa kumi na moja, nafika nyumbani giza likinifuata mgongoni. Waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwa na watoto wawili wenye njaa na makala, ndiyo makaa ya kupikia, yenye unyevu. Jumapili nilichemsha maharage ya siku tatu, na kila jioni nikayapa moto upya yasichache. Mchana, wakitoka shule, mkubwa alichambua lenga-lenga, mchicha wa kwetu, na kuwasha jiko la mbabula. Mdogo alichagua karanga, nusu kwenye bakuli, nusu tumboni. Mimi nilipofika nilivua viatu tu, nikakata kitunguu na nyanya, nikatupa majani sufuriani, nikasonga ugali. Saa moja kamili tulikuwa tumeshanawa mikono.

Kwenye kituo cha afya niliona picha ukutani ya vyakula vya nguvu, vya kujenga mwili na vya kuukinga. Nikaigeuza kuwa sheria ya nyumba: kila sahani iwe na cha nguvu, cha kujenga na cha kijani. Mdogo akajifanya polisi wa sheria hiyo. Alisimama juu ya sufuria na kuuliza, "Majani iko?"

"Iko."

"Onyesha."

Nami nilifunua nikamwonyesha. Siku moja nilichoka nikawa karibu kuwarudishia chai na mkate, kisha nikajisikia nikisema kwa sauti, "Chai haiko chakula," kana kwamba nilizaliwa nikilijua hilo. Wenye pikipiki walinizoea. Wakinitania, "Mama, unakimbilia bwana?" niliwajibu kwamba nina mabwana wawili nyumbani, na wote wana njaa. Nilikuwa na furaha. Sikuwa nimeizoea, kwa hiyo niliifuja kidogo.

Kazi yangu ni kupokea habari za barabara kwenye shirika moja la misaada. Kila asubuhi nasikiliza madereva na watu wa redio, kisha napaka rangi kwenye ramani kubwa ya ukutani: kijani kwa njia salama, njano kwa njia ya mashaka, nyekundu kwa njia isiyopitika. Barabara ya Mahagi ilikuwa nyekundu, wiki hadi wiki. Nitalisema lilivyo: nyekundu ile ilinituliza. Nilijua ndani yake kuna watu gani na makaburi gani, nilikuwa nimeyaandika mwenyewe, na bado nilipomaliza kuipaka nilianza kuwaza mboga ya jioni. Usiku watoto walipoomba Mungu afungue barabara, nilisema amina pamoja nao. Chini ya amina hiyo nilimwomba asiwe na haraka.

Kila mwezi mama yao alituma kifurushi cha samaki wakavu, kwa mtumbwi hadi Kasenyi, kisha kwa pikipiki hadi mlangoni kwangu. Jioni ya samaki haikuwa yangu. Mdogo alisikia harufu kutoka uani akapiga kelele, "Iyi ni samaki ya mama!" na hapo mezani hapakuwa na hadithi nyingine: mama anaanika hivi, mama anacheka hivi, mama hatii chumvi nyingi. Mimi niligawa vipande kama mtumishi kwenye nyumba ya mwenye mali.

Kifurushi cha nne kilipofika watoto walikuwa shule. Nilikiweka chini kabisa ya sanduku langu la vitenge, nikawaambia mwezi huu samaki hawakufika. Tukala maharage. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini sikudhani walimaanisha samaki. Jumapili nilikwenda kanisani na kitenge changu kizuri, na mwanamke niliyekaa naye akasogea, kisha akasogea tena. Katikati ya mahubiri mdogo alishika mkono wa nguo yangu, akaunusa, akauachia.

Alingoja mpaka kesho yake jioni, tumekwisha kukaa kula.

"Mama mukubwa, weye uko na kasirani na mama?"

"Hapana. Juu ya nini?"

"Sababu samaki yake inalala na nguo."

Dada yake aliinamia sahani, na hapo nikajua kwamba yeye alikuwa anajua tangu siku ya kwanza. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu mzima. Niliinuka, nikafungua sanduku, nikawapika samaki usiku uleule, na wakati huo maharage yamekwisha kupoa. Kwetu mtu mkubwa hamwombi mtoto msamaha. Humwekea kipande kinono.

Tangu hapo nilipika samaki wa mama yao siku ileile walipofika, nikasikiliza hadithi zote, hata za chumvi.

Halafu asubuhi moja dereva alisema ametoka Mahagi na amepita vizuri. Nikapaka njano. Wiki ya pili wakaja wengine, malori na wanawake wenye mizigo, na hakuna aliyesimamishwa. Ningeweza kuiacha njano hiyo siku kumi zaidi, na hakuna ofisini ambaye angeniuliza. Nilichukua kalamu ya kijani. Kisha nikampigia mdogo wangu simu papo hapo, nimesimama mbele ya ramani, kabla moyo haujapata nafasi ya kunishauri.

Alikuja na gari la asubuhi, amekonda. Watoto walimrukia hata viatu hawakuvaa. Alinishika mikono yote miwili akasema, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa kwetu, "Yaya, aksanti. Umewalisha vizuri, tazama mashavu." Mimi nikasema walikuwa hawasumbui.

Miezi minne sasa. Nimerudia chai. Mdogo wangu bado anatuma samaki, ni namna yake ya kushukuru, na vifurushi viwili vinaning'inia kwenye msumari jikoni, nimeshindwa kuvifungua. Nikifika nyumbani sivui viatu haraka. Hakuna anayeuliza.

Juzi Jumatano, saa moja, simu ililia. Alikuwa yule mtoto mdogo.

"Mama mukubwa, umekula nini?"

"Nimekula bugali, maharagi, na lenga-lenga."

"Onyesha."

Kwenye simu sikuwa na sufuria ya kumfunulia.

"Chai," nikasema. "Na mukate."

"Chai haiko chakula." Ilikuwa sauti yangu mimi, na ukali wangu wote, kutoka mdomo wenye mapengo. "Fungua samaki ya mama. Miye niko nasikiliza."

Nilitoa kifurushi kimoja kwenye msumari, nikaweka simu karibu, nikakata kamba, nikafungua mfuko taratibu ili asikie vizuri.

"Nimesikia," akasema, na salio likaisha.

Niliwasha makala. Samaki walikuwa wengi mno kwa mtu mmoja. Nikawapika wote.