Nilivyompisha Mkwe Wangu Kwenye Njia ya Reli

Jambo hili nimelificha miaka mingi, lakini wanaolisimulia wanalisimulia vibaya, kwa hivyo heri nijiaibishe mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na tatu hivi, baada ya watu wa serikali kung'oa ile reli ndogo ya zamani kando ya mto huku kwetu Kitengela, iliyokuwa ikibeba mawe ya machimbo, wakamwaga maramu, ule udongo mwekundu wa barabara, juu ya tuta lake, wakaweka na viti vya mbao, wakasema sasa ni njia ya kutembea. Kutembea kwenda wapi, hawakusema. (Watu wa Nairobi walikuja na fimbo, wakaenda mpaka mwisho, wakarudi.)

Binti yangu Naisiae alikuwa amemaliza miezi miwili kwangu, amemkasirikia bwanake, na siku hiyo bwanake alikuwa anakuja na wazee kumwomba arudi. Naisiae alitaka kurudi ila hakusema, mimi nilijua kwa vile alifagia boma mara tatu. Sasa kwetu Wamaasai mama hakutani uso kwa uso na mume wa bintiye, wala hamtaji jina (majina ya watu wote nayakumbuka, na la huyo pia, lakini silisemi), kwa hivyo nikaona nitoke mapema niende sokoni, nyumba ibaki huru.

Jirani yangu Mama Sempeyo akaniambia, "Pitia njia ya mbuzi."

"Niko na viatu vipya vya plastiki," nikamwambia. "Leo napita kwa maramu kama mtu wa Nairobi."

Nilifika mahali tuta limeinuka, mto upande huu, ukuta wa mwamba upande ule, nikaona shuka tatu nyekundu zinakuja. Wa mbele Mzee Parsaloi, ambaye goti lake ni bovu (ndiyo maana walitafuta njia tambarare), wa pili Mzee Kipaa, na wa tatu urefu wake naujua. Nikageuka nirudi, na nyuma wako akina mama sita wa Nairobi wenye fimbo, wamejaza njia yote.

Nikateremka tutani kama mbuzi, kiatu kimoja kikabaki, nikaingia kwenye kalvati, lile bomba la kupitishia maji chini ya tuta, nikajifunika leso. Nikasema watapita. Lakini kiongozi wa wale akina mama, Mwikali, akaona kiatu kando ya maji.

"Kuna mtu ameingia mtoni," akaita. "Kiatu yake ndiyo hii."

Nikasikia wanaume wanakimbia, nikaona afadhali nitokee upande wa pili, na huko mchanga ulikuwa umejaa nusu, na mimi wakati huo nilikuwa mnene, kwa hivyo kichwa na mabega vikapita, vingine vikakataa.

Mwikali akainama mbele yangu. "Mama, unaitwa nani?"

Mimi nisiyesahau jina la mtu, nikajifanya nimesahau langu.

Ndipo mtu akaingia kutoka nyuma, akanishika vifundo vya miguu, akavuta. Nikatoka kinyumenyume, uso wote matope.

Mzee Parsaloi akachungulia kutoka juu. "Huyu si ni mama ya Naisiae?"

Nikajua nimeharibu, binti yangu atazeekea kwangu. Mkwe wangu alikuwa amefumba macho, bado ameshika mguu mmoja.

"Mimi nimeshika miguu tu," akasema. "Mama sijaona."

Mzee Kipaa akacheka mpaka akakaa chini (mpaka anakufa, akikutana na mimi alikuwa anaangalia miguu yangu kwanza). Mzee Parsaloi hakucheka. Akasema aliyemshika mama mkwe alete kondoo wa faini, maneno mengine yatangoja, wakageuka wakarudi.

Nikamweleza Naisiae yote, matope bado usoni. Alisikiza mpaka pale pa mwisho.

"Alisema hajaona?"

"Alisema hivyo. Na alikuwa amefumba kweli."

Akainuka akaanza kukunja nguo zake, na kondoo hata alikuwa hajaletwa. Kondoo alikuja kesho yake, dume jeupe, na tangu hapo mimi na mkwe wangu tunaitana Paker, kama wanavyoitana waliopeana kondoo, yeye akiwa nje ya ua, mimi ndani.

Njia ile sijaikanyaga tena na sitaikanyaga. Wanasema ni nzuri, imenyooka. Lakini ilijengewa treni, na treni haina mkwe wa kupisha.