Mbwa Aitwaye Mtachoka

Taaka wa kijiji cha Masinya, mpakani mwa Uganda na Kenya, alikuwa na kichwa kigumu, na heri yake, maana bila kichwa hicho shamba lingekwenda mwaka uleule mumewe alipofariki.

Mumewe, Oguttu, alifanya kazi ya reli Tororo. Homa ikamchukua mwaka wa sitini na mbili. Matanga hayajaisha, shemeji yake Mangeni akaja na ndugu wengine, wakamwambia achague: arithiwe, au afungashe arudi kwao na wanawe wawili. Taaka akakataa yote mawili. Wakawa wanamjia kila wiki, leo kwa upole, kesho kwa vitisho. Basi akatafuta kijibwa chekundu, akakipa jina Mtachoka.

Huko mtu akiwa na neno zito kwa jirani, hamwendei mlangoni. Humpa mbwa jina, kisha humwita kwa sauti. Na Taaka alijaliwa sauti, ee! Asubuhi Mtachoka, mchana Mtachoka, na boma la Mangeni lilikuwa nyuma ya ua wa minyaa tu. Mangeni alikunja uso, lakini angefanya nini? Ashtaki kwamba mtu ameita mbwa wake?

Mwaka wa sitini na saba likatangazwa shindano la riwaya za watoto; zawadi ni kitabu kuchapishwa na kupelekwa shule za mpakani. Taaka, aliyeishia darasa la sita, akajaza madaftari matatu: mjane, watoto wake, njaa, na mbwa aliyelala mlangoni miaka yote asikubali mtu awatoe. Akashinda.

Furaha ile haikumaliza wiki. Barua ikaja kutoka kwa mwamuzi mkuu, Mwalimu Laban wa Busia, upande wa Kenya. Ilisema Mangeni amesikia jina la mbwa limo kitabuni, akalalamika kwamba ukoo wake unatukanwa. Kwa hiyo mbwa aitwe Simba, la sivyo zawadi atapewa mwingine. Taaka aliumia sana. Alikitaka kitabu kile kuliko kitu chochote, na wanawe walishajitapa shule nzima. Akavaa gomesi yake ya kanisani, akashika njia ya Busia kwa miguu, mbwa nyuma.

Mwalimu Laban hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha kiti, akamweleza taratibu kwamba ni jina moja tu, hadithi itabaki ileile. Nje mbwa alikuwa amejilaza, anahema kwa jua.

"Mwite Simba, Mwalimu," Taaka akasema. "Akija, nami nitaandika Simba."

Mwalimu akasimama mlangoni, akaita. Akapiga mluzi. Akaita tena, mpaka karani wake akaanza kucheka chinichini. Mbwa alijikuna sikio.

Taaka akamwambia sasa ajaribu jina lake. Mwalimu akasita, kisha akalitamka kwa sauti ndogo, Mtachoka, na mbwa akaruka akaja kukaa miguuni pake.

"Hilo ndilo jina alilokaa nalo tulipolala njaa," Taaka akasema. "Ukilitoa, mbwa hayupo na kitabu hakipo. Mpe huyo mwingine."

Akatoka na mbwa wake. Alikuwa amefika langoni Mwalimu alipoita, Mtachoka, na safari hii kwa sauti. Mbwa akarudi mbio. Taaka akalazimika kumfuata, akakuta Mwalimu ameshika karatasi ya kutia sahihi, na jina halikuguswa.

Mwaka uliofuata vitabu vikafika shuleni. Jumamosi moja Taaka alikuwa akipalilia mtama wake aliposikia sauti ya mtoto nyuma ya minyaa. Anjeline, kitinda mimba wa Mangeni, alikuwa akisoma kitabu kile kwa sauti kama alivyofunzwa: Mtachoka, Mtachoka, njoo! Mbwa, aliyekuwa ameanza uzee, akapenya minyaa akaenda kujilaza mlangoni pa Mangeni. Akafukuzwa kwa maneno, akafukuzwa kwa fimbo, hakubanduka.

Mwishowe Mangeni mwenyewe akapaza sauti.

"Shemeji! Mwite mbwa wako!"

Miaka sita Taaka alikuwa akiliita jina hilo bila kuombwa. Akaliegemea jembe, akavuta pumzi, akamwita mara tatu, bila haraka yoyote.