Nilivyotoka Kamembe Kwenda Kupunguzwa Tumbo

Niliamua kufanya safari hii siku tuliyomzika baba. Kwetu sisi Waislamu wa Kamembe, watoto wa kiume ndio wanaoshuka kaburini kumpokea mzee wao na kumlaza. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na wa kiume ni mimi peke yangu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, udongo umelainika, na mimi nilikuwa na kilo mia moja hamsini na nane. Nilipovua viatu ili nishuke, imamu alinishika mkono taratibu.

"Baki juu, Papa Salima," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ukishuka, kingo zitabomoka. Na kukupandisha tena, nani ataweza?"

Akashuka fundi viatu, jirani yetu, mtu ambaye hata si ndugu. Mimi nikasimama pembeni nimeshika viatu vyangu, nikatazama mtu mwingine akimpokea baba yangu. Hakuna aliyenicheka. Afadhali wangenicheka.

Mimi ni fundi wa kuchomea vyuma. Karakana yangu iko kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, natengeneza milango ya geti na madirisha. Kwa miaka mitatu nilikuwa siwezi tena kuchuchumaa. Kazi zote za chini niliwaachia wenzangu. Nilikuwa naswali kwenye kiti. Nilikuwa nalala nimekaa, maana nikilala chali pumzi inakata. Sukari ilikuwa imepanda, na magoti yalilia kama bawaba zisizotiwa mafuta. Basi wiki iliyofuata mazishi nikapanda basi kwenda Kigali kumwona daktari mpasuaji, niliyesikia kwamba anakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kuacha kipande chembamba, ili mtu ashibe kwa kidogo.

Daktari alinipima, akaniuliza maswali mengi, kisha akanipa masharti. Nitembee kila siku. Nimwone mshauri wa mambo ya akili. Na wiki mbili kabla ya kulazwa nile supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta na mboga chache tu, ili ini lisinyae. Kila kinachoingia mdomoni nikiandike katika daftari.

Mke wangu, Maman Salima, hakuupenda mpango huo. Yeye ni mtu wa Bukavu, na kule binamu yake aliingia chumba cha upasuaji akatoka amefunikwa shuka.

"Weye hauna kidonda, hauna uvimbe," aliniambia. "Muntu muzima anaenda kukatwa tumbo juu ya nini?"

"Juu ya siku ile ya baba."

Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni anachuja supu ya kuku kwa kitambaa cheupe, mara ya kwanza, halafu mara ya pili, asibakize hata punje ya mafuta. Tangu siku hiyo supu yangu ilitoka mikononi mwake, na jioni alinikumbusha kuandika.

Siku ya safari tulikuwa stendi ya Kamembe kabla jua halijatoka. Nilikata viti viwili vya mbele kwa ajili yangu peke yangu, na mkanda haukufunga hata hivyo. Maman Salima alikaa upande wa pili wa njia, na thermos ya supu mapajani. Basi likapanda vilima, ziwa likabaki nyuma yetu upande wa kushoto, likawa linaonekana na kupotea kati ya migomba.

Baada ya mashamba ya chai tukaingia msitu wa Nyungwe. Baridi ikaingia kwa madirisha. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya miti, na nyani walikuwa wameketi kando ya lami wakitutazama kama watu wanaongoja usafiri. Kwa mwendo wa saa mbili hakuna duka wala nyumba, kona baada ya kona. Nilikunywa supu yangu kikombe kimoja. Maman Salima alinitazama nikinywa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuondoke.

Katika mji wa Huye tulisimama dakika kumi. Yeye akaenda msalani. Mimi nikashuka kunyoosha magoti, na harufu ya sambusa ikanijia kutoka kibanda cha karibu. Nitasema kama ilivyokuwa: nilikula mbili nyuma ya basi, haraka, huku nikichungulia kama mwizi, nikapangusa mdomo kwa kitambaa na kupanda kabla hajarudi. Katika daftari niliandika, "Supu, kikombe kimoja."

Na hizo sambusa hazikuwa za kwanza. Kwa wiki mbili zile, kila saa nne asubuhi, nilikuwa navuka barabara kutoka karakana kwenda kwa muuza chai. Maandazi matatu na chai ya maziwa yenye sukari. Nilijiambia ni kazi nzito, nyundo haiinuliwi kwa supu. Nilijiambia pia kwamba upasuaji wenyewe ndio utanibadilisha. Mimi nilichotakiwa ni kufika tu.

Kigali tulifika mchana, na hospitali tukaingia siku ileile, kama tulivyoandikiwa. Mapokezi walitaka kitambulisho, jina la ndugu wa karibu, na majibu ya vipimo vya zamani. Nesi mmoja mrefu, aliyesema Kiswahili kama watu wa kwetu, alitupeleka wodini. Alitafuta kikuku cha plastiki cha kunifunga mkononi, kikawa kifupi, akaunganisha viwili. Akanipandisha kwenye mizani, akatazama karatasi yake, akatazama tena mizani.

"Papa, chakula ulifuata vile tulikuambia?"

Mke wangu akajibu kabla yangu. "Mi mwenyewe njo nilikuwa napika. Nachuja mara mbili." Akatoa daftari mkobani, akampa kwa mikono miwili.

Wakanitoa damu, wakanipiga picha ya tumbo kwa mashine. Jioni daktari akaja, akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda. Alifungua daftari langu kurasa zote, polepole.

"Daftari ni safi," akasema. "Lakini ini lako halikulisoma. Ni kubwa kuliko mwezi uliopita. Sukari iko juu, na umeongeza kilo nne."

Nikavuta shuka hadi kifuani.

"Nikiingiza vyombo vyangu kwa matundu madogo, ini hilo linaziba njia yote. Nikilisukuma linaweza kuchanika, na damu ya ini hainyamazi upesi. Kesho sikupasui, Papa. Mimi sitaki kukuua."

Maman Salima alisimama. "Docteur, mashine yenu iko na kosa. Huyu muntu anakunywaka supu tu."

Ningeweza kunyamaza. Mashine ingelaumiwa, na mke wangu angebaki upande wangu. Lakini nilimwona jinsi alivyosimama, amenyoosha kidole mbele ya daktari kwa ajili yangu, na maneno yakatoka yenyewe.

"Mashine haina kosa," nikasema. "Nilikuwa nakula." Nikataja maandazi, chai, na sambusa za Huye. Nilitaja yote, hadi siku niliyomaliza sahani ya wali wa mwenzangu karakana.

Nesi akainamisha kichwa. Mke wangu akakaa tena kitini, akawa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Nilikuwa naamka saa kumi na moja kukuchujia supu," akasema mwishowe. Hakupandisha sauti. "Na weye unavukaka barabara kwenda kukula maandazi. Mimi nilikufanya nini?"

Nesi akaleta mkasi, akakata kile kikuku, akakitupa.

Daktari akasema twende nyumbani, turudi nikiwa tayari, hata kama ni baada ya miezi. Tulipotoka nje ya geti la hospitali Maman Salima akauliza tunapanda basi la saa ngapi kurudi Kamembe.

"Siendi Kamembe," nikamwambia. "Nikirudi pale, sitatoka tena. Ninajijua. Weye ukitaka kurudi, sitakulaumu. Mimi nitabaki hapa mpaka ini lisinyae."

Akafunga kitenge chake upya. Kisha akaita pikipiki ya kubeba mabegi, na sisi wawili tukatembea hadi penye teksi. Tukaenda Nyamirambo, kwa dada yake mkubwa, Yaya Aziza.

Nyamirambo tulikaa wiki tatu. Ni mtaa wa vilima, wenye vibanda vya chapati na nyama choma kila baada ya hatua ishirini, mahali pabaya kabisa kwa mtu mwenye masharti kama yangu. Siku ya kwanza nilimwambia Yaya Aziza mbele ya watu wote wa nyumba: nikishika kitu chochote kisicho supu, anipigie kelele. Hakuona haya hata kidogo. Siku ya tano nililamba kijiko cha wali wa nazi jikoni, akapiga kelele hadi majirani wakatoka. Usiku huo niliandika katika daftari: "Wali, kijiko kimoja. Nilionekana."

Kila asubuhi baada ya swala nilipanda kilima hadi msikitini na kushuka. Siku ya kwanza nilipumzika mara tisa. Nilihesabu. Kichwa kiliniuma, nikawa mkali kama mbwa wa mlinzi. Siku ya nne nilikaa juu ya ngazi za duka la mtu nikalia kwa njaa, mwanaume wa miaka arobaini na saba. Maman Salima alikuwa nyuma yangu. Alikuwa hajasema nami zaidi ya maneno ya lazima tangu hospitali. Akakaa ngazi moja chini yangu, akangoja. Nilipomaliza akasema, "Simama. Kumebaki kidogo." Nikasimama. Wiki ya tatu nilipumzika mara mbili tu.

Tuliporudi hospitali ni yule nesi mrefu aliyetupokea. Daftari nililitoa mimi. Alilisoma, akafika kwenye ule wali, akacheka hadi akafuta macho. Nilikuwa nimepunguza kilo tisa. Picha ya ini ikapigwa, daktari akaitazama muda mrefu, kisha akageuza ile skrini ili na mimi nione, ingawa kwangu ilikuwa ni kijivu tu.

"Sasa kuna njia," akasema. "Nitaingia."

Safari hii kikuku kilinifunga kimoja, kwa tundu la mwisho. Tukaletewa karatasi ya kukubali. Daktari alisoma hatari zote kwa Kiswahili, bila kuruka: damu kuganda miguuni, mshono kuvuja, kuambukizwa, kufa. Kwenye neno la mwisho alimtazama mke wangu. Nikamwambia Maman Salima, "Kama hautaki, sema sasa. Sitatia saini."

"Batoto wako wanakutaka, na mimi nakutaka," akasema. "Lakini ile siku umesema ukweli mbele ya docteur, niliona hii kitu unaitaka kweli. Andika."

Nikatia saini, naye akatia ya shahidi chini yake. Nikaogeshwa kwa sabuni ya dawa, nikavalishwa gauni la kufungwa mgongoni. Kuanzia hapo sikuruhusiwa hata maji.

Asubuhi walikuja na kitanda cha magurudumu. Mke wangu alitembea pembeni yake hadi mlango ambao hauvukwi na ndugu.

"Enda," akasema. "Mi niko hapa kwa kiti. Sitoki."

Nilipozinduka, kiu ilikuwa kama nimemeza mchanga, na tumbo liliniuma kila nilipopumua. Yule nesi alikuwa amenishika kiwiko. "Tumemaliza, Papa. Jioni utatembea." Nilidhani anatania. Jioni nilitembea, hatua kumi na mbili, dripu mkono mmoja, Maman Salima mkono mwingine. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa ametoka kwenye kile kiti.

Siku kumi baadaye tulirudi. Kwa agizo la daktari tulimwomba dereva asimame mara kwa mara ili nitembee, damu isigande, na abiria wakavumilia. Huye tulishuka sote wawili pamoja. Msituni jua lilikuwa limetoka, na majani yalikuwa yanang'aa. Maman Salima alinipa supu kijiko kimoja kimoja, akiangalia saa, maana sasa nikinywa haraka natapika.

Nyumbani watoto walikuwa wamepika. Usiku huo mke wangu aliweka mezani ugali na sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na mbele yangu akaweka kikombe kidogo cha uji mwepesi. Kisha akasimama pembeni kama kawaida, angoje nimalize ndipo ale.

"Kaa ukule," nikamwambia.

"Nilidhani harufu itakutesa."

"Itanitesa. Kaa."

Akakaa. Uji wangu ulitakiwa uchukue nusu saa, kijiko, kupumzika, kijiko. Kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa nilikuwa namaliza sahani yangu na kuinuka kabla yeye hajaosha mikono. Sasa sikuwa na pa kwenda. Niliona anavyovunja ugali vipande vidogo sana. Niliona anatenga sambaza wakubwa pembeni, kumbe ndio anaowaachia watoto siku zote, na sikujua. Nilikuwa nimekwenda Kigali nikidhani nitakachojifunza ni kula kidogo. Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nimeishi na mtu huyu kwa haraka.

"Na weye kula mmoja mukubwa," nikamwambia.

Akanitazama kwa mshangao, akachagua samaki mmoja, akala.