Spika Zilizopenda Misiba

Kumbukumbu hii niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, ingawa sikukubaliana nayo hata kidogo: "Kikao kimeridhia kwa kauli moja kwamba spika za kikundi ni mbovu, na ziuzwe." Katibu wa kikundi chetu hapigi kura. Kazi yake ni kuandika walichoamua wengine, nami kazi hiyo niliifanya katika masjala ya serikali mpaka nikastaafu na kurudi nyumbani Ilongero.

Kikundi chetu ni cha kusaidiana katika misiba na sherehe. Wamo wanaokwenda kanisani na wanaokwenda msikitini. Mali yetu ni turubai, viti vya plastiki, masufuria makubwa, na hizo spika: mbili ndefu zenye amplifaya ndani yake, pamoja na sabufa, sanduku zito ambalo watu wawili hulibeba wakiwa wameinama. Mimi ndiye niliyekwenda Singida mjini kuzisikiliza, nikarudi na kutamka mbele ya kikao kwamba ni nzima na zinafaa. Tamko hilo limo katika muhtasari. Kwa hiyo spika zilipoitwa mbovu, neno langu nalo liliitwa bovu.

"Andika, Bwana Katibu," alisema Mwenyekiti, ambaye ana mashine ya kukamua alizeti na amezoea kusema kwa sauti ya kushinda mashine. "Mbona kalamu imesimama?"

"Naandika, Mwenyekiti."

"Andika 'mbovu'. Usituletee neno la ofisini."

Wajumbe wakacheka. Nikaandika "mbovu".

Mambo yalikuwa hivi. Katika harusi ya kwanza, saa saba na dakika ishirini mchana, bibi harusi akiwa amefika katikati ya ukumbi, sabufa ilinyamaza. Spika ya kushoto ikafuata, kisha ya kulia. Binti wa watu akabaki amesimama mguu mmoja mbele, na akina mama wakajitahidi kumfikisha mbele kwa vigelegele vitupu. Katika harusi ya pili ikawa vilevile. Lakini kati ya harusi hizo mbili tulikuwa na misiba miwili, na katika misiba yote spika zilifanya kazi tangu asubuhi mpaka watu wanarudi kutoka makaburini, bila kukwama hata mara moja.

Muuza nyama wa sokoni, mwanachama mwenzetu, mtu asiyeweza kunyamaza kama ana la kuchekesha, ndiye aliyelianzisha. "Spika zetu zinapenda misiba," alisema huku akipima maini ya mteja. "Tukiziita harusini zinanuna."

Utani ule ulizunguka mpaka ukaacha kuwa utani. Mama mmoja aliyekuwa akijiandaa kumwoza binti yake alitamka wazi kwamba hataki vitu vinavyopenda misiba viingie katika sherehe yake. Hapo ndipo nilipokasirika kwelikweli. Katika masjala, jalada likipotea hatusemi kwamba linapenda kupotea. Tunauliza nani alilishika mwisho.

Mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana, mtu wa Iguguno, naye angekuja kuzichukua siku ya Jumatatu. Jumamosi kabla ya hapo ndiyo ilikuwa harusi ya binti wa yule mama. Nilikuwa na siku tatu za kulisafisha neno langu.

Nina tabia ya kuandika saa za mambo katika daftari dogo. Nililifungua, nikachora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja misiba, upande wa pili harusi. Nyaya: zilezile. Umeme: hauna tatizo pande zote. Aliyeunganisha: mimi. Sauti: kitufe katikati, siku zote. Nilishuka mstari kwa mstari hadi nikafika mahali ambapo pande mbili hazikulingana. Harusini spika zilikuwa zimevaa. Msibani hazikuvaa.

Niseme ukweli kuhusu mavazi hayo, maana yalikuwa mazuri. Kwetu kitu cha thamani hakiachwi wazi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata migongo ya makochi imevishwa. Spika zilipofika, akina mama wa kikundi walizifumia vitambaa vyeupe vyenye maua ya alizeti, vya kuzifunika juu hadi chini. Msibani hatukuvitumia kwa sababu maua yale hayafai mahali pa kilio. Aliyewaongoza akina mama katika kazi hiyo ya miezi miwili ni mke wangu.

Alhamisi, jua likiwa utosini, nilizifunga spika uani kwetu kama ninavyozifunga ukumbini. Spika mbili ndefu juu ya stendi, zipite vichwa vya watu, na miguu ya stendi nikaikandamiza kwa viroba vya mchanga kwa sababu ya upepo wetu. Sabufa nikaiweka chini. Waya kutoka kwenye miksa, kisanduku cha kuchanganyia sauti, huingia kwanza kwenye sabufa, ambayo huzuia sauti nzito ibaki kwake na kuziachia nyingine ziende kwa wenzake wa juu. Nikawasha miksa kwanza na spika mwisho, zisipige kishindo. Kisha nikazivisha vitambaa, nikafungulia muziki, nikaketi na saa yangu.

Mke wangu alitoka jikoni. "Baba watoto, kuku wote wamehama. Mpaka maharage yanaruka sufuriani."

"Subiri kidogo, mama. Njoo utie mkono hapa nyuma, chini ya kitambaa."

Alitia mkono, akautoa upesi. "Lo! Hii ni spika au pasi ya mkaa?"

"Ndiyo sababu."

"Sababu ya nini?"

Sabufa ilimjibu kwa niaba yangu. Ilinyamaza. Niliinua kitambaa nyuma yake, na palikuwa na taa ndogo nyekundu ambayo katika harusi zote mbili hakuna aliyeiona, kwa kuwa ilikuwa imefunikwa. Amplifaya iko humohumo ndani, na joto lake hutokea mgongoni. Likikosa njia, chombo hujizima chenyewe kisiungue. Tuliziacha wazi. Baada ya robo saa taa ilizimika, na muziki ukarudi bila mtu kugusa kitu.

Mke wangu alikuwa ameshika kiuno. "Kwa hiyo miezi miwili nilikuwa nafuma blanketi la kuua spika."

"Mimi sikusema hivyo."

"Umesema. Umetumia taa tu."

Akaingia ndani. Nilidhani amekasirika, na alikuwa amekasirika, lakini alirudi na mkasi. Akaketi kwenye mkeka, akakipakata kitambaa cha sabufa, kikubwa kuliko vyote, akakikata sehemu yote ya mgongoni. Nilijua ni jioni ngapi zilizokuwa zikianguka pale chini pamoja na nyuzi.

"Mbele zitavaa, nyuma zitapumua," alisema huku akikunja pindo. "Kama aproni. Spika tupu ukumbini mimi sikubali, hata uniletee Mkuu wa Wilaya."

Jumamosi asubuhi nilimwendea mama wa bibi harusi. Alikuwa na wasiwasi, na sikumlaumu.

"Mama, nipe mpaka saa saba na nusu. Zikinyamaza, nitasimama mbele ya wageni wako niseme kosa ni langu."

"Na binti yangu atakuwa amesimama na mguu hewani?"

"Hatasimama."

"Haya, mzee. Lakini nakukalia karibu."

Ukumbini nilikuta mpambaji ameisukuma sabufa chini ya meza kuu na kuifungia ndani ya mapazia. Niliitoa. "Mzee, sanduku hilo litaniharibia picha!" alilalamika. Nikamwambia kwamba bibi harusi asiye na muziki huharibu picha zaidi. Niliiweka kando ya ukuta, nikaacha nafasi ya mkono mzima nyuma yake, na hapakuwa na ua wala zulia lililosogezwa hapo bila idhini yangu.

Mwenyekiti alipita akatikisa kichwa. "Bado unahangaika tu, Bwana Katibu? Mtu wa Iguguno anakuja keshokutwa."

"Karibu uketi, Mwenyekiti."

Bibi harusi aliingia saa saba na dakika kumi na tano. Ilipofika dakika ya ishirini, nusu ya ukumbi haikumtazama yeye. Ilizitazama spika. Nilimsikia muuza nyama nyuma yangu akisema, "Sasa, zinanuna." Mama wa bibi harusi alikuwa amenishika mkono wa koti. Binti alifika palepale katikati, mahali penyewe.

Sabufa iliendelea kunguruma. Soda zilitetemeka mezani, na mngurumo ule niliusikia ndani ya kifua changu. Dakika ya ishirini na tano ikapita, ya thelathini ikapita, na mkono ule ukaliachia koti langu ili mwenyewe apate kupiga vigelegele vizuri. Bibi harusi alifika mbele akicheza. Mshereheshaji akamrudisha mlangoni aingie upya, kwa sababu, alisema, wageni walikuwa wakitazama kwingine. Akaingia mara ya pili, na safari hii akatazamwa.

Saa tisa nilipitisha mkono nyuma ya spika zote tatu. Zilikuwa vuguvugu, basi. Nilipoinuka nilimwona Mwenyekiti dirishani, simu sikioni, kidole kimeziba sikio la pili.

"Nasema haziuzwi!" alikuwa akipiga kelele. "Haziuzwi! Eti kelele za nini? Ndizo hizo hizo unazozisikia!"

Kikao kilichofuata nilifika mapema kuliko wote. Katika yatokanayo na muhtasari nilisoma rasimu yangu ya masahihisho, na sikuficha furaha yangu: "Spika ni nzima. Zilizimika kwa joto lililosababishwa na vitambaa vya akina mama."

Mke wangu alinyoosha mkono. "Bwana Katibu," alisema, jina ambalo nyumbani hajapata kuniita. "Vitambaa vilijifunga vyenyewe?"

Watu wakageuka.

"Nani alipiga mafundo mawilimawili mgongoni, akasema upepo wa Singida hauna adabu?"

"Jibu, Bwana Katibu," alisema Mwenyekiti kwa raha kubwa. "Naona kalamu imesimama tena."

"Ni mimi," nilijibu.

"Na kitabu cha maelekezo, ulikisoma chote?" aliendelea mke wangu.

Nilikuwa nimesoma kurasa za nyaya. Kurasa za tahadhari nilizipita, nikidhani ni maneno ya kutisha watoto. Nilisema hivyohivyo, mbele ya watu wote. Mtu anayedai kumbukumbu inyooshwe hawezi kuchagua mstari wa kuunyoosha. Nilikata rasimu yangu, nikaandika upya, kisha nikawasomea: "Kikao kimeridhia kwa kauli moja kwamba spika ni nzima. Zilizimika kwa joto, kwa sababu Katibu alizifunga vitambaa mpaka mgongoni bila kusoma tahadhari. Vitambaa havina kosa. Spika haziuzwi."

"Hapo sawa," alisema mke wangu, akaketi.

Mwenyekiti aliwataka wajumbe wanyooshe mikono. Kisha akaniangalia, akasema kwamba kwa kuwa jambo lenyewe linamhusu, Katibu naye aruhusiwe kupiga kura leo. Muuza nyama, ambaye alikuwa ameziomba spika kwa harusi ya mwanawe, alikuwa amenyoosha mikono yote miwili. Niliweka kalamu chini, nikanyoosha wa kwangu.