Nilimwamsha Dereva Aliyevuta Bangi

Jumamosi moja asubuhi, mwaka ule tulioambiwa kulima ni kufa na kupona, nilimpoteza mdogo wangu Zena. Kosa ni langu. Mume wangu ndiye aliyeshika usukani, lakini mie ndiye niliyemwamsha.

Tulikaa Temeke. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na alfajiri hiyo alirudi kutoka Songea bila kulala njia nzima. Wenzake walimfundisha kwamba bangi inakata usingizi. Alipoingia, macho yalikuwa mekundu, anacheka peke yake, anatafuta kandambili zilizo mguuni mwake. Nilijua! Akajitupa kitandani.

Jua halijapanda, balozi wetu wa nyumba kumi akabisha hodi. Alitaka lori lipeleke watu shamba la ujamaa, kule Mbagala.

"Mwamshe bwana, mama. Watu wameshafika na majembe."

"Amerudi sasa hivi. Amechoka."

Jirani mmoja akacheka pale nje. "Jamani, kumbe hata sie tuna kupe wetu! Tulime, yeye anyonye!"

Wote wakaangua kicheko. Aibu ikanishika. Neno moja lilitosha: amevuta. Lakini niliogopa polisi, niliogopa atafukuzwa kazi. 

Nikaenda kumtikisa. Nikamwosha uso, nikamnywesha kahawa chungu.

"Niache, we mwanamke. Kitanda kinazunguka."

Nami nikamvalisha viatu! Mungu wangu, nilimvalisha kwa mikono yangu!

Zena alikuwa ameshapanda nyuma na wenzake. Nikamwita ashuke.

"Kaa mbele na shemeji yako, umsemeshe asisinzie."

"Haya, dada. Nitamwimbia mpaka anifukuze."

Hawakufika. Kwenye mteremko lori halikukata kona, likaingia mtaroni kwa upande wa kushoto. Waliokuwa nyuma walirushwa, wengine wakavunjika mikono na miguu. Zena alibanwa pale pale nilipomkalisha.

Mume wangu aliwaambia polisi breki zilikatika. Wakaamini. Msibani, mama yangu akanivuta pembeni.

"Mwanangu, mumeo alikuwa mzima asubuhi ile?"

"Mzima, mama."

Baada ya arobaini mume wangu alirudi kwao Masasi. Hakuniaga, nami sikumfuata.

Wanawake wenzangu, mume akirudi amevuta, mfungieni ndani, ufunguo mtupe chooni! Waacheni watu waseme. Majirani na wawaite majina yote mabaya, mnyamaze, lakini gari lisiondoke. Mie nimeshachelewa. Hata kuandika hapa hakunipunguzii kitu.

Mama alifariki mwaka jana. Siku yake ya mwisho niliinama sikioni mwake nimwambie. Akaniwekea mkono kichwani.

"Wewe hujanidanganya hata siku moja," akasema. "Radhi zangu zote nakupa."

Nikasema, "Ahsante, mama."