Mzimu Asiyekuwa na Balozi wa Nyumba Kumi

Wananchi, nyamazeni, hili ni jambo zito.

Mimi, Rugaibula wa Ngenge, nimewahi kuwa mzimu wa mlima.

Nilidumu madarakani kwa muda wa kupakua chakula. Wala sikula.

Ilikuwa Novemba 1974, nikisoma shule ya bweni Bukoba. Darasa letu lilikwenda kupanda ule mlima wa mawe ambao kila shule lazima iupande, tukaimbe kileleni nyimbo za kujenga taifa.

Wenzangu walipanda wakiimba. Mimi nilipanda na sufuria la matoke na maharage kichwani.

Na nilikuwa nimekatazwa kuonja! Jana yake nilimvisha mbuzi tai ya Mwalimu Rutashobya, mbuzi akaja kupanga mstari na walimu. Tangu hapo nikanyimwa chakula.

"Kosa moja tu tena," mwalimu alisema, "unarudi Ngenge moja kwa moja."

Kileleni, Mama Kokuberwa, mpishi wetu, akafunua sufuria. Tumbo langu likalia mpaka watu wakageuka.

"Wewe, kateke maji kule chini," mwalimu akaniamuru.

Nikateremka. Mpaka kwenye kona. Nikazunguka, nikajipenyeza katika ufa wa jabali, nikakoroma kizee:

"NANI ANAKULA KWANGU BILA KUNIKARIBISHA?"

Mawe yakarudia kila neno. Datius, kiranja wetu, akafanya ishara ya msalaba kwa mkono ulioshika kijiko. Maharage yakamwenea kifua kizima.

Mama Kokuberwa akapiga magoti. "Tusamehe, waitu, bwana wetu! Sehemu yako hii hapa."

Akasukuma matoke juu ya jani la mgomba hadi mdomoni mwa ufa. Nikaanza kunyoosha mkono.

"Ngoja!"

Mwalimu Rutashobya alifundisha siasa. Mizimu hakuiamini hata kidogo, lakini mikutano aliiamini kupita kiasi. Na aliyeomba chakula, awe mzimu, awe nani, alipaswa kujieleza.

"Ndugu Mzimu, balozi wako wa nyumba kumi ni nani?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo.

"Huku... niko peke yangu."

"Peke yako? Nchi nzima inahamia vijijini, wewe umejitenga juu ya jiwe?"

"Hapalimiki, Mwalimu."

"Kumbe hata hulimi! Na unataka kula! Mnyonyaji!"

"Aangamie!" darasa zima likaitikia kwa mazoea, huku likirudi nyuma.

"Jamani, ni mzee," Mama Kokuberwa akanitetea. "Mwacheni ale."

Mwalimu akaamuru kura ipigwe. Mikono ikaanza kuinuka, mingi ikiwa upande wangu. Nakwambia, nilikuwa nashinda!

Ndipo anga likageuka kijani.

Senene! Panzi watamu wa Novemba!

Wakashuka juu ya lile jabali kama mvua. Mkutano ukavunjika bila kufungwa. Mwalimu akavua shati akawafukuzia. Datius akavua kofia. Mama Kokuberwa, ambaye kwa mila za wakati ule mwanamke hakuruhusiwa hata kuwaonja, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutandaza kanga.

Matoke yangu yakabaki pale, yanafuka moshi, hayana mlinzi. Ningeyala yote nikajilamba vidole.

Haki ya Mungu, niliyaruka.

Nilitoka ufani mbio, shati mkononi, nikakamata, nikakamata, hadi mtu akanigonga kiwiko.

"SOGEA, UNAKANYAGA WANGU!" nikamfokea. Koo lilikuwa bado la mzimu.

Vichwa vikageuka mlima mzima.

Mtu yule alikuwa Mwalimu Rutashobya, kifua wazi, senene wawili ndevuni. Akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Ndugu Mzimu," akasema polepole, "hiyo kaptula si ya shule yetu?"

Funzo ninalowaachia ni hili: ukitaka kuwa mzimu Buhaya, usianze Novemba.

"Ni mimi, Mwalimu," nikasema. "Mzimu ni mimi. Njaa ilinizidi."

"Ngenge utakwenda kesho," akajibu, macho yameshahamia kwenye nyasi. "Leo kamata."

Nikakiri utundu wangu uliobaki, wote, huku nikikamata.