Jina Ambalo Bi Remi Hakulitoa

Nikinusa siki inayochemka na kitunguu saumu, hurudi jikoni kwetu Kilburn, London, ambako dirisha halikufunguka kwa sababu mtu alilipaka rangi likiwa limefungwa. Jiko lile tulilitumia pamoja na mpangaji mwenzetu, mwanamke wa Kifilipino aliyeitwa Remedios. Wazazi wangu walimwita Bi Remi. Mimi alinifundisha nimwite Tita, yaani shangazi kwa lugha ya kwao. Kwa kutuheshimu hakupika nguruwe mle ndani. Alipika kuku, na mama hakuchoka kumtania.

“Bi Remi, mchuzi gani huu usio na nazi? Hii ni achari.”

“Nazi ni ya Jumapili, dada. Leo tuna huzuni ya kawaida tu.”

Kwao Manila alikuwa mwandishi wa habari za siasa. Aliandika nani amenyang'anya ardhi na nani amewatuma askari. Serikali ikalifunga gazeti lake, wenzake wakakamatwa, yeye akawahi kutoka. London akawa anasafisha maofisi, akifuta meza ambazo wengine waliandikia.

Kisha mhariri mmoja wa gazeti la hapa akasikia habari zake na kumwomba makala. Bi Remi aliiandika kwenye meza yetu ya kulia, akirudi kazini na miguu imemvimba. Ilimhusu mkata miwa mmoja aliyechukuliwa na askari, akapigwa, akatupwa kando ya barabara wakidhani amekufa. Mtu huyo alimsimulia yote kwa kinywa chake. Bi Remi aliniahidi kwamba makala ikitoka tutakwenda pamoja duka la magazeti, nilinunue gazeti hilo kwa mkono wangu. Nilikwisha kuwatangazia darasani.

Mhariri alikuja Jumamosi mchana, mtu mpole, koti lake likichuruzika maji. Akala, akaongeza, akaisifu makala. Halafu akaomba jina la yule mtu, na ruhusa ya kumtuma mpiga picha kijijini kwake. Bila jina, alisema, wasomaji hawataamini na wanasheria wa gazeti hawatakubali.

Baba akamtafsiria mama kwa kunong'ona. Mama hakunong'ona.

“Si mumwite Juma! Akina Juma wako wangapi duniani?”

Mhariri alipoelezwa alicheka. Bi Remi hakucheka.

“Jina la uongo siandiki,” alisema. “Na la kweli sitoi.”

“Lakini anaishi mbali mno,” mhariri akasema. “Nani kule atasoma gazeti letu?”

“Yeye hatalisoma, hajui kusoma. Watakaolisoma ni wale waliomchukua. Wao wamesoma sana.”

Mama akamshika mkono. “Mwenzangu, hii ni bahati. Utafuta meza za watu mpaka lini?”

“Mama Salma, muache,” baba akasema. “Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.”

“Kunguni nawajua mie. Nani anayefua mashuka?”

Mhariri akavaa koti lake, akaziacha karatasi mezani. Bi Remi aliosha vyombo, akazisogeza karatasi pembeni, akaanza kupiga pasi sare yake ya usafi. Nililia ukumbini. Nilikuwa na hakika kwamba siku ile uandishi wake umekwisha, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeumaliza, kwa ukaidi.

Baba naye alikuwa na jambo lake. Akipiga simu kwetu Unguja hakumtaja ndugu yake kwa jina hata mara moja. Alisema “yule wa dukani.” Nilidhani wamegombana. Nilikuwa mtu mzima, nimekwisha kujisomea peke yangu kwenye maktaba historia za nchi zote mbili, ndipo nikayaona mambo hayo mawili kuwa jambo moja: jina linafichwa ili mwenyewe abaki salama.

Serikali ya kwao ilipoanguka, Bi Remi alirudi Manila, akapewa safu gazetini na kuiandika mpaka alipostaafu. Aliishi hata akawaona baadhi ya watu aliowapinga wakirudi madarakani kwa kura. Akaliandika na hilo, bila hasira, kama mtu anayefagia uwanja ambao kesho utajaa majani tena.

Mwaka jana tulizungumza kwa simu ya video. Nikamwuliza kama yule mkata miwa yu hai.

“Yupo. Ana wajukuu. Analalamika magoti.”

“Aliwahi kujua? Habari za makala, na mhariri?”

“Ajue nini, mwanangu? Hakuna kilichotokea.”

Alilisema hilo kwa uchovu, akitafuta miwani yake. Utotoni niliamini kazi ya mwandishi ni ile inayouzwa dukani, yenye jina lake juu. Sasa nilimtazama mwanamke aliyebeba miaka yote hiyo kazi isiyo na ukurasa: mzee mmoja, mbali, anayeumwa magoti.

Swali la jina lilinifika mdomoni. Nikamwuliza magoti yake yeye yanaendeleaje.